Kamera ya bei nafuu kwa picha za familia na likizo: angalia mwanga kabla ya megapikseli

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, ameuliza hivi: “Wanangu wana miaka 3 na 8. Picha ninazowapiga kwa simu nje mchana ni nzuri, lakini ndani, hasa jioni, wanatoka kama vivuli: mikono imefutika, nyuso zimepakaa. Nataka kamera ya bei nafuu ya kupigia picha za nyumbani, za sherehe na za likizo, na likizo ijayo tunakwenda ufukweni. Nimeoneshwa mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni ndogo, mpya, jina lake sijawahi kulisikia, wanasema ina megapikseli 64 na zumu ya 16x. Ya pili ni Nikon D3500 iliyotumika, megapikseli 24, na lenzi yake ya 18–55. Mume wangu anasema 64 ni nyingi kuliko 24, hakuna la kujadili. Nichukue ipi, au nibaki na simu? Na nikinunua, nitafute kadi ya ukubwa gani?”

Dada, kati ya hizo mbili chukua D3500, kwa masharti mawili: ipite ukaguzi nitakaoueleza hapa chini, na bajeti yako ibakize fedha za kununulia lenzi moja zaidi, ndogo tu, nitakayoitaja. Kama fedha za lenzi hazitabaki, endelea na simu kwa sasa huku ukiweka akiba. Ile ya megapikseli 64 iache hata wakikupunguzia nusu ya bei.

Swali lako lina kitu ambacho maswali mengi ya kamera hayana: umetaja mahali na saa. Nje mchana picha ni nzuri, ndani jioni zinaharibika. Hapo ndipo jibu lote lilipo. Simu yako haishindwi na watoto wala haina upungufu wa megapikseli. Inashindwa na mwanga mdogo ukichanganyika na mtu asiyetulia. Kwa hiyo kila kamera utakayooneshwa, ipime kwa maswali mawili tu: inakusanya mwanga kiasi gani, na inafokasi haraka kiasi gani? Mengine yote yanafuata nyuma.

Jioni ndani ya nyumba, chombo chochote cha kupigia picha kina njia tatu za kuokoa hali. Kinaweza kuacha pazia, yaani kile kinachofunguka na kufunga ili kuruhusu mwanga, wazi kwa muda mrefu zaidi. Kinaweza kupanua tundu la lenzi ili mwanga mwingi uingie kwa mara moja. Au kinaweza kuukuza kwa nguvu ule mwanga kidogo uliopatikana, ndiyo hiyo ISO inayopandishwa, nayo huleta chengachenga kwenye picha. Kwenye simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki, kwa hiyo inabaki kurefusha muda na kukuza. Simu za sasa hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, ujanja unaofanya kazi vizuri sana kwa jengo au sahani ya chakula. Mtoto wa miaka 3 hakai mahali pamoja kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, na matokeo yake ni hao vivuli wako.

Sasa tazama lenzi inavyobadilisha mambo. Chukua sebule ya kawaida jioni, taa zinawaka. Lenzi ya 18–55 ikiwa kwenye 35 (namba hizi ni milimita; zikipanda, lenzi huvuta zaidi), tundu lake hufunguka hadi f/4.5 hivi, haliendi zaidi ya hapo; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwa ISO 3200, pazia litahitaji kukaa wazi kama 1/50 ya sekunde. Mkono wa mtoto anayecheza ukienda kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, katika muda huo umesogea sentimita 2, na sentimita 2 zinatosha kufuta vidole vyote. Badilisha lenzi tu, weka ya 35 yenye tundu la f/1.8, na ISO ibaki ile ile. Mwanga unaoingia ni zaidi ya mara 6, pazia linafunga ndani ya 1/320 ya sekunde, na mkono ule ule umesogea milimita 3. Vidole vinahesabika. Kamera ni ile ile, chumba ni kile kile. Ndiyo maana nasisitiza lenzi kuliko jambo jingine lolote katika jibu hili.

Dukani watakuambia pia kuhusu kizuia mtikisiko. Ni kitu kizuri, na kwenye lenzi ya Nikon kinatambulika kwa herufi VR. Lenzi za 18–55 zipo zenye nayo na zisizo nayo, hivyo soma kilichoandikwa kwenye lenzi yenyewe. Lakini elewa kinachozuiwa: ni mtikisiko wa mikono yako. Mtoto akikimbia, kizuia mtikisiko hakiwezi kumsimamisha. Anayemsimamisha ni pazia la haraka, na pazia la haraka linataka mwanga.

Nije kwenye hesabu ya mume wako. Picha ya kuchapisha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, inahitaji kama megapikseli 2 tu kwa uchapishaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi. Karatasi nzima ya A4 inahitaji karibu 9. Televisheni ya 4K huonesha megapikseli 8.3, basi, hata ukiipa picha ya 100. Kamera ya megapikseli 16 au 24 inakutosha kuchapisha, kukata pembeni na kutundika ukutani. Kuanzia hapo, pikseli za ziada ndani ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza picha) hazimfaidii mtu anayepiga picha sebuleni jioni.

Tena hiyo 64 yenyewe ina mashaka. Kamera nyingi ndogo za majina yasiyojulikana zinazotangaza megapikseli 48, 64 au zaidi zina kihisi chenye pikseli chache kuliko hizo, halafu programu hujaza nafasi kwa kubuni pikseli za katikati. Faili linakuwa kubwa, picha haiongezeki kitu. Zumu ya 16x nayo, ikiwa ni ya kidijitali, ni kukata tu: ukivuta mara 2 umebakiwa na robo ya pikseli, ukivuta mara 4 umebakiwa na moja ya kumi na sita. Zumu ya kweli ni ile ya lenzi, ambapo vioo vya ndani husogea. Ukitaka kujua kama kamera ni ya kweli, tafuta mambo mawili kwenye maelezo yake: ukubwa wa kihisi na namba ya tundu la lenzi, yaani hiyo f. Mtengenezaji asiyeandika hata kimoja kati ya hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ukubwa wa kihisi una namba zinazoeleweka ukiziona zimepangwa pamoja. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini hutumia kihisi kinachoandikwa inchi 1/2.3, ambacho kwa kweli ni kama milimita 6.2 kwa 4.6: kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni mara 4 ya kile cha kwanza. Kile cha D3500, cha kundi la APS-C, ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, mara 13 hivi ya kile kidogo. Kati ya cha inchi 1 na cha APS-C kipo cha Micro Four Thirds, milimita 17.3 kwa 13, kinachotumika kwenye kamera za Olympus na Panasonic. Kihisi kikubwa hupokea mwanga mwingi zaidi kwa tundu lile lile na muda ule ule, hivyo ISO 3200 kwenye APS-C inavumilika vizuri wakati kwenye kihisi kidogo ngozi ya uso inageuka kuwa viraka.

Kutokana na hesabu hiyo linatoka jambo ambalo wauzaji hawalipendi: kama simu yako si ya zamani sana, kamera ndogo ya bei ya chini yenye kihisi cha 1/2.3 haitakupa picha bora kuliko simu, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni zumu ya kweli, yenye manufaa kwa mtoto aliye jukwaani au ndege juu ya mti, mchana kweupe. La pili ni flashi halisi, ya gesi, ambayo hupiga kwa muda mfupi mno na kumgandisha mtoto hata gizani, tofauti na kitaa cha simu kinachomulika kwa unyonge. Kama hayo mawili si shida yako, usitoe fedha zako huko. Kamera za namna hiyo, na nyingine kubwa zaidi zenye zumu ya 30x au 40x, ni za mtu anayetaka kuvuta vitu vya mbali kwenye jua. Wewe unataka wanao, na wako mita mbili kutoka ulipokaa.

Lenzi niliyotaja ni Nikon AF-S DX 35 mm f/1.8G. Ilitoka mwaka 2009, ina uzito wa gramu 200, na kwa kuwa imekuwepo sokoni muda mrefu, zilizotumika hupatikana kwa urahisi. Haina zumu. Ukitaka mtoto awe mkubwa kwenye picha unamsogelea, ukitaka wote waingie unarudi nyuma, na baada ya wiki chache mwili unazoea. Kwenye kamera hii inaona kwa upana unaokaribia jinsi jicho linavyozingatia mtu anapozungumza nawe, ndiyo maana inafaa kwa familia kuliko ya 50 mm, ambayo ndani ya chumba kidogo itakulazimisha kubana mgongo ukutani. Muuzaji akikuletea lenzi ya AF-D kwa bei ya chini, kataa: D3500 haina mota ya kuendesha fokasi za lenzi hizo, utafokasi kwa mkono, na kumfokasi mtoto anayekimbia kwa mkono ni kazi ya kukatisha tamaa. Tafuta herufi AF-S au AF-P.

D3500 ilitoka mwaka 2018 na ilikuwa kamera ya mwisho ya Nikon katika safu ile ya wanaoanza. Betri yake ni ya kusifiwa: picha 1,550 kwa kuchaji mara moja kwa vipimo vya CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Likizo nzima inaweza kwisha hujatafuta chaja. Ukichungulia kwenye kijidirisha chake inafokasi haraka na pazia linaitika mara tu unapobonyeza. Ikiwa na lenzi ya 18–55, betri na kadi, ina uzito wa gramu 620 hivi.

Ina upungufu pia, na afadhali uujue kabla ya kulipa. Ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma kama ulivyozoea kwenye simu, fokasi yake ni ya polepole; mtoto atakuwa ameshaondoka. Ni lazima ujifunze kuweka jicho kwenye kijidirisha. Video zake zinaishia 1080p, na kwa video simu yako pengine inaishinda. Haina Wi-Fi, ina Bluetooth inayotuma kwenye simu nakala ndogo za megapikseli 2, zinazotosha kutumia bibi na mashangazi lakini si za kuchapisha kubwa. Na ni kubwa kwa umbo. Hili la mwisho ndilo ninaloomba ulifikirie kwa utulivu kuliko yote: je, utaibeba? Kamera inayobaki kabatini wakati mtoto anapuliza mishumaa haina maana hata ikiwa na lenzi ya f/1.8.

Ukijijua kwamba hutabeba, nenda upande wa kamera ndogo zenye kihisi cha inchi 1. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina megapikseli 20, tundu la f/1.8 zumu ikiwa pana, na uzito wa gramu 240 tu, inaingia mfukoni. Canon G7 X ya mwaka 2014 ina f/1.8 hadi f/2.8, maana yake haipotezi mwanga mwingi hata ukivuta, na kwa picha za ndani hilo ni bora zaidi. Shida ni kwamba kamera ndogo zimerudi kwenye mitindo miaka ya karibuni na bei za zilizotumika zimepanda. Linganisha kabla ya kuamua.

Na ukipata fedha kidogo zaidi, kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless) zina kitu ambacho kwa mama wa mtoto wa miaka 3 kina thamani kubwa: hutambua uso na jicho, na kulifuata jicho huku mtoto akizunguka. Sony a6000 ya 2014 ni ya zamani lakini fokasi yake bado ni ya haraka. Sony a6100 ya 2019 ndiyo inayofuata jicho kwa kung’ang’ania kweli, na Canon R50 ya 2023 vilevile. Olympus OM-D E-M10 Mark II ni ndogo, ina kizuia mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, na lenzi zake ndogo za f/1.8 ni nzuri sana. Canon M50 nayo utaiona ikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Ni kamera nzuri, ila Canon imeuacha mfumo huo wa lenzi, kwa hiyo nunua tu kama umeshaiona lenzi unayoitaka mkononi.

Ukaguzi wa iliyotumika usiufanye kwa haraka, na usikubali kuufanya gizani au mlangoni. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu. Toa lenzi, utazame kioo chake kwa kumulika tochi ya simu kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo ndani halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui, huo ni ukungu, na ukungu huendelea kula. Acha lenzi hiyo. Rudisha lenzi, geuza gurudumu la juu hadi A, ambapo unachagua tundu mwenyewe, funga tundu hadi f/16, upige ukuta mweupe au mbingu. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi juu ya kihisi, linasafishika. Mistari au nukta zenye rangi kali zisizohama ni ugonjwa wa kihisi. Kisha funika lenzi, upige picha ya giza tupu, na uikuze kwenye skrini kutafuta nukta hizo.

Piga picha moja ya mwisho, hamishia kadi kwenye simu au kompyuta, na usome namba ya mapigo ya pazia. Zipo tovuti na programu za bure zinazoisoma kwenye picha za Nikon. Pazia la D3500 limejaribiwa kwa mapigo 100,000. Iliyopiga 15,000 bado ni mpya kwa matumizi ya nyumbani. Iliyopiga 80,000 haijafa, lakini bei yake isiwe ile ile. Zungusha kila gurudumu, bonyeza kila kitufe, inua flashi iwake, fokasi karibu na mbali mara nyingi huku ukisikiliza kama lenzi inakwaruza. Tazama betri: ikiwa imevimba au inatoka kwa kubanwa, hesabu gharama ya nyingine. Hakikisha chaja ipo, kwa sababu D3500 haichajiwi kwa waya wa USB. Kwa kamera ndogo kama RX100, iwashe na kuizima mara kadhaa uone lenzi inatoka na kurudi bila kusita, maana lenzi zinazojikunja ndizo hufa kwanza. Na ukigeukia Sony yoyote, fungua menyu ya lugha: zile zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani mara nyingi huwa na Kijapani peke yake na haibadiliki.

Ufukweni, adui ni mchanga na chumvi. Usibadilishe lenzi pale. Weka ile ya 18–55 ukiwa bado chumbani na uiache hapo siku nzima, kwani mchana mwanga ni mwingi na zumu inafaa. Ukirudi, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. D3500 isiingie majini kabisa, hata kwa dakika moja. Kama picha za watoto wakiogelea ndizo hasa unazozitaka, kuna kamera za majini kama Olympus TG-6, inayovumilia kina cha mita 15, lakini kihisi chake ni kile kidogo cha 1/2.3 na ndani jioni itakurudisha kwenye vivuli. Mimi nisingeinunua kama kamera pekee ya familia. Mkisafiri kwa ndege, betri ya akiba iweke kwenye mkoba unaoingia nao ndani. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini.

Ukishainunua, usianze na menyu zote. Geuza gurudumu la juu hadi S, ambapo unachagua kasi ya pazia, weka 1/250, na uwashe ISO ya kujipanga yenyewe, kikomo 6400. Kwa mpangilio huo kamera italinda kasi ya pazia, na watoto watatoka wakiwa watu. Wakikimbia nje, panda hadi 1/500 au zaidi. Chengachenga kidogo usiziogope hata kidogo: picha yenye chenga na uso unaocheka inapendeza ukutani, picha iliyopakaa haina dawa. Wakati wa picha ya pamoja, geuza hadi A na uchague f/5.6, kwa sababu kwenye f/1.8, ukiwa mita 2 kutoka kwao, eneo linalotoka safi ni kama sentimita 23 tu kwa kina. Waliokaa mbele watakuwa safi na waliosimama nyuma watakuwa na ukungu.

Jambo moja linasumbua familia nyingi na halitajwi dukani. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuuleta kwenye wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, dirisha au mchanga unaong’aa, kamera huona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama kwenye giza. Si kosa la uso. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze kwa +0.7 au +1, upige tena, utazame uso na si mandhari. Ufukweni unaweza pia kuinua flashi mchana. Inajaza vivuli vya chini ya macho na kofia vizuri kabisa ukiwa karibu.

Kama utasubiri na simu kwa miezi kadhaa, hupotezi muda. Futa lenzi yake kwa kitambaa safi kabla ya kupiga, mafuta ya vidole hufanya kila taa iwe na ukungu. Msogeze mtoto karibu na dirisha, au washa taa zote za chumba. Zima hali ya usiku anapocheza, kwa kuwa hurefusha muda wa pazia. Usivute zumu, msogelee. Shikilia kitufe upige nyingi mfululizo wakati wa mishumaa, halafu uchague moja.

Kuhusu kadi, ya 64 GB inakutosha. Picha moja ya JPEG ya megapikseli 24 ina wastani wa MB 10 hivi, kwa hiyo inaingia zaidi ya picha 6,000. Nunua mbili za 64 badala ya moja ya 256, ili moja ikiharibika safarini usipoteze vyote. Alama ya V30 au U3, inayoonesha kasi ya kadi, ni zaidi ya unachohitaji kwa D3500, ila itakufaa ukija kubadilisha kamera. Kadi bandia zimejaa: zinajitangaza 64 GB, ndani zina 8, na picha zinazozidi hapo zinapotea kimya kimya. Siku ya kwanza ijaze na kuikagua kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kuipa picha hata moja ya maana. Sahihisha tarehe na saa ya kamera siku hiyo hiyo, vinginevyo miaka ijayo picha zitajipanga ovyo. Kila baada ya sherehe au safari nakili picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na nakala ya tatu ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti. Fungua chache kwenye kila nakala uone zinafunguka, kisha ndipo ufute kadi, na uifutie ndani ya kamera yenyewe.